Maumivu ya Kano ya Achilles: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kano ya Achilles ni ipi hasa?

Shika nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Ile kamba ngumu uliyoibana ndiyo yenyewe. Wengi huiita mshipa wa kisigino, ingawa haipitishi damu kama mshipa. Kazi yake ni kufunga misuli ya shavu la mguu kwenye mfupa wa kisigino. Misuli hiyo ni miwili: wa nje, gastroknemiasi, huanzia juu ya goti, wa ndani, soleasi, huanzia chini ya goti. Kumbuka tofauti hiyo, maana ndiyo sababu mazoezi yake hufanywa goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa.

Kano hii ina urefu wa sentimita 15 hivi na ndiyo nene na imara kuliko zote mwilini. Mtu anapokimbia, hubeba mzigo wa mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake kila mguu unapogusa chini.

Kwa nini inauma? Imechakaa?

Haijachakaa kama tairi. Kano ni kiungo hai kinachojijenga kulingana na kazi kinayopewa, ila hujijenga polepole kuliko misuli. Ndani yake kuna nyuzi za kolajeni zilizolala sambamba. Ukiipa kazi nyingi kwa ghafla, nyuzi hupoteza mpangilio, maji huongezeka ndani, kano hunenepa, na vimishipa vidogo vya damu pamoja na neva huchipuka mahali ambapo havikuwapo.

Zamani hali hii ilielezwa kuwa ni mwako wa kano tu, ndiyo maana watu walipewa vidonge vya kutuliza mwako na kuambiwa wapumzike. Siku hizi huitwa tendinopathi, kwa kuwa tatizo kubwa ni mpangilio wa kano na uwezo wake wa kubeba mzigo. Jina hilo limebadilisha tiba yote: kano iliyopoteza uwezo hurudishiwa uwezo kwa kupewa mzigo wa kiasi unaopanda hatua kwa hatua.

Sikumbuki kuumia. Ilianzaje basi?

Mara nyingi hakuna siku ya kuumia. Rudi nyuma wiki mbili hadi sita utafute kilichobadilika. Uliongeza kilomita? Ulianza kukimbia vilima, mbio za kasi au kuruka kamba? Ulitoka kwenye viatu vyenye kisigino kilichoinuka ukaingia vya bapa? Au ulikaa mwezi mzima bila mazoezi kisha ukarudi ulipoishia, kana kwamba kano nayo ilikuwa ikikusubiri? Hili la mwisho huwapata wengi, kwa sababu pumzi na misuli hurudi upesi kuliko kano.

Wasiofanya mazoezi nao huipata. Uzito mkubwa, kisukari, kolesteroli ya juu, gauti, umri wa kati na kukoma hedhi huongeza uwezekano. Baadhi ya dawa pia, na hizo tumeziweka kwenye swali lake hapa chini.

Nitajuaje kwamba ni kano hii na si kitu kingine?

Tazama mambo matatu. Kwanza mahali: maumivu huwa nyuma, na unaweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja au viwili. Yakiwa chini ya unyayo, hilo ni jambo jingine. Pili asubuhi: hatua za kwanza kutoka kitandani huwa ngumu, kisha mguu hulainika baada ya dakika chache. Tatu kazi: kuchuchumia (kusimama kwa ncha za vidole) kwa mguu mmoja, kuruka au kupanda kilima huamsha maumivu, na mzigo ukizidi maumivu nayo huzidi.

Kisha ujue ni sehemu gani. Bana kano polepole kuanzia kwenye mfupa ukipanda juu. Ikiuma zaidi sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa, mara nyingi pakiwa na kinundu, hiyo ni ya katikati. Ikiuma pale pale inaposhikana na mfupa wa kisigino, hiyo ni ya mwisho wa kano. Usiruke hatua hii. Zoezi linaloponya ya kwanza linaweza kuichokoza ya pili.

Ukisikia mkwaruzo chini ya vidole unapokunja na kukunjua kifundo, huenda ni utando unaoizunguka kano ndio uliowaka. Huo unahitaji siku kadhaa za kupunguza mwendo kabla ya mazoezi mazito.

Ni dalili zipi hazingoji?

Mlio kama wa kitu kilichokatika, au hisia kwamba umepigwa teke nyuma ya mguu na ukigeuka humwoni mtu. Hiyo huenda ni kano iliyokatika. Lala kifudifudi, miguu ining'inie nje ya kitanda, mtu mwingine abonyeze shavu la mguu. Unyayo wa mguu mzima, yaani usio na jeraha, husogea kwa kusukumwa chini. Wa mguu uliokatika kano hukaa kimya. Usidanganyike kwa sababu bado unaweza kutembea au kusogeza vidole, maana misuli mingine husaidia, na ndiyo sababu majeraha haya hupitwa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usiukanyagie mguu huo, na usiuvute unyayo kuelekea juu.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likiwa la moto na likauma, hasa baada ya safari ndefu ya kukaa, upasuaji au kulala kitandani muda mrefu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Pia ni dharura. Ukikosa pumzi au kifua kikiuma, usingoje hata kidogo.

Homa pamoja na wekundu na joto juu ya kano nayo ni ya daktari, mara moja. Zipo pia dalili zisizo za dharura ila zinahitaji vipimo: visigino vyote viwili kuuma bila sababu ya mazoezi, mkakamao wa asubuhi unaozidi nusu saa, maumivu ya mgongo usiku, au ugonjwa wa ngozi wa soriasisi. Hapo huenda chanzo ni ugonjwa wa baridi yabisi, na mazoezi peke yake hayatatosha.

Ni dawa zipi zinazodhuru kano?

Zinazojulikana zaidi ni antibiotiki za kundi la fluorokwinoloni, kama siprofloksasini na levofloksasini. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza ziwekewe onyo kali kuhusu kuumia na kukatika kwa kano. Hatari ni kubwa zaidi kwa wenye umri wa zaidi ya miaka 60 na kwa wanaotumia steroidi (dawa kali za kutuliza mwako) wakati huo huo. Ukianza kuumwa kano ukiwa kwenye dozi hizi, wasiliana na daktari kabla ya kumeza kidonge kinachofuata, na acha mazoezi ya mguu huo. Mara nyingi ipo antibiotiki nyingine ya kubadilisha.

Nipumzike kabisa mpaka iache kuuma?

Hapana, na hapa ndipo wengi hupoteza miezi. Ukipumzika kabisa maumivu hupungua, lakini kano na misuli hudhoofika. Wiki tatu baadaye unarudi uwanjani na kano dhaifu kuliko ile uliyoondoka nayo, inauma tena, unapumzika tena. Mzunguko huo unaweza kwenda mwaka mzima.

Kinachofaa ni kupunguza: ondoa kwa muda vitu vinavyoivuta kano kwa ghafla, yaani mbio za kasi, vilima na kuruka, kisha baki na unavyovimudu, kama kutembea, baiskeli, kuogelea au hata kukimbia taratibu kwenye tambarare. Wakati huo huo anza mazoezi ya kuijenga.

Nikiumia kidogo wakati wa mazoezi, niache?

Tumia kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni hakuna maumivu na 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria. Hadi 5 wakati wa zoezi inaruhusiwa, mradi yashuke na kesho asubuhi hali isiwe mbaya kuliko ya leo. Utafiti wa Sweden wa mwaka 2007 uliwaruhusu wagonjwa kuendelea kukimbia na kuruka kwa kufuata kipimo hiki, na matokeo yao hayakuwa mabaya kuliko ya walioacha.

Hakimu ni asubuhi inayofuata. Kano inaweza kukaa kimya unapofanya mazoezi ikalalamika baada ya saa 24, kwa hiyo usiamini hisia za uwanjani peke yake. Chukua daftari. Kila asubuhi, kabla hujafanya lolote, chuchumia mara 5 ukutani kwa mguu unaouma, uandike namba. Leo 3, kesho 3: ulichofanya jana kano imekimudu. Leo 3, kesho 6: punguza mzigo, rudi hatua moja. Hakuna haja ya kuacha kila kitu.

Mazoezi yenyewe ni yapi? (kano inayouma katikati)

*Ikiwa inauma sana sasa hivi*, anza na kushikilia. Chuchumia kwa miguu yote miwili, au mmoja ukiweza, kisha baki hapo juu sekunde 45. Pumzika dakika 2. Rudia mara 5, kila siku. Baadhi ya watu hupata nafuu ya muda kwa zoezi hili. Lisipokutuliza, usiling'ang'anie, nenda hatua inayofuata.

*Hatua kuu* ni kupanda na kushuka kwa uzito, polepole, mara 3 kwa wiki, kukiwa na angalau siku moja katikati. Simama kwenye kidato cha ngazi, nusu ya mbele ya unyayo ikiwa juu yake na visigino nje. Shika ukuta au reli kwa vidole tu, kwa ajili ya kutopepesuka. Panda kwa kuhesabu moja, mbili, tatu. Shuka kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, mpaka kisigino kipite chini ya kidato. Kila mara moja ni sekunde 6. Ukijiona unamaliza seti ya mara 15 chini ya dakika moja na nusu, unakimbia, punguza kasi.

Wiki ya kwanza fanya seti 3 za mara 15. Wiki ya 2 na 3, seti 3 za 12. Wiki ya 4 na 5, seti 3 za 10. Wiki ya 6 hadi 8, seti 4 za 8. Wiki ya 9 hadi 12, seti 4 za 6. Pumzika dakika 2 hadi 3 kati ya seti. Idadi inaposhuka uzito lazima upande, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Uzito sahihi ni ule ambao mara ya mwisho ya seti unaimaliza kwa taabu. Kama ungeweza kufanya nyingine tano, ni mwepesi mno. Anza kwa miguu miwili, hamia mmoja, kisha vaa begi la mgongoni lenye kilo 5 na uongeze kidogo kidogo. Vitabu, mchanga au chupa za maji vinatosha.

Fanya seti hizo goti likiwa limenyooka. Kisha kaa kwenye kiti, goti likiwa limekunjwa, weka uzito juu ya paja karibu na goti, uinue kisigino kwa mpangilio ule ule. Soleasi hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kukimbia, na anayeiacha huponya nusu.

Siku za katikati ni sehemu ya tiba. Baada ya kazi nzito, katika saa 24 hadi 36 za mwanzo, kano huvunja kolajeni nyingi kuliko inayojenga. Ujenzi hushinda baadaye. Ukirudia mzigo mzito kila siku unaukatiza ujenzi huo.

Niliwahi kuambiwa nishushe kisigino mara 180 kwa siku. Njia hiyo imepitwa na wakati?

Ile ni njia ya Håkan Alfredson wa Sweden, iliyochapishwa mwaka 1998. Unapanda kwa mguu mzima, unashuka kwa mguu mgonjwa: seti 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, na 3 za 15 goti likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, kila siku, wiki 12. Inafanya kazi mpaka leo. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2015 uliilinganisha na njia nzito ya polepole tuliyoieleza hapo juu, na matokeo yakakaribiana. Tunapendelea ile ya mara 3 kwa wiki kwa sababu moja tu: watu huimaliza. Kama ratiba yako inakubali ile ya kila siku na inakusaidia, endelea nayo.

Yangu inauma pale pale kwenye mfupa. Nifuate hayo hayo?

Fuata idadi na uzito ule ule, ila fanyia sakafuni. Usishushe kisigino chini ya usawa wa vidole. Kisigino kinaposhuka, kano hugandamizwa kwenye mfupa, na mgandamizo huo ndio unaoichokoza. Kwa sababu hiyo hiyo acha kunyoosha shavu la mguu kwa kusukuma ukuta, hata kama unahisi linakaza. Weka ndani ya viatu vyote viwili kipande kigumu kiasi kinachoinua kisigino sentimita 1 hadi 1.5, na usitembee pekupeku nyumbani kwa wiki za mwanzo. Kiatu chenye ukingo mgumu unaokandamiza kinundu cha nyuma, kiweke kando.

Aina hii huenda polepole zaidi. Usikate tamaa ukiona mwenzako wa katikati amekupita.

Sindano, mawimbi, barafu, masaji: kipi kinasaidia?

Barafu na masaji hutuliza kwa muda. Tumia ukipenda, lakini haviijengi kano. Ibuprofeni vilevile, kwa siku chache, kama tumbo, figo na shinikizo lako la damu vinaruhusu. Usiimeze ili uweze kukimbia, kwa sababu inazima ile taarifa ya asubuhi unayoihitaji.

Sindano ya steroidi ndani ya kano ikatae. Inaweza kuondoa maumivu kwa wiki kadhaa huku ikiidhoofisha kano, na kukatika ni hatari ya kweli. Sindano ya chembe sahani za damu yako mwenyewe imesifiwa sana, ila utafiti wa Uingereza wa mwaka 2021 uliohusisha watu 240 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 haikuishinda sindano ya uongo, isiyo na dawa yoyote. Mawimbi ya mshtuko, yanayopigwa kwenye kano kwa mashine, yana nafasi yake: yanafaa kuongezwa juu ya mazoezi, baada ya miezi 3 ya mazoezi yaliyofanywa sawasawa bila nafuu ya kutosha. Upasuaji huzungumzwa baada ya miezi 6 au zaidi.

Nahitaji altrasaundi au MRI?

Kwa kawaida hapana. Historia na kubonyeza vinatosha. Kipimo kinafaa kama kuna shaka ya kukatika au hali haieleweki. Watu wengi wasioumwa chochote wana kano zenye kasoro kwenye picha, kwa hiyo usitishike na maneno ya ripoti.

Nirudije kukimbia?

Ngoja mpaka utembee dakika 30 kwa mwendo wa haraka maumivu yakiwa 2 au chini, na uchuchumie kwa mguu mmoja angalau mara 20 bila kuinama wala kukunja goti. Linganisha na mguu mzima: ule ukifanya 30 na huu 20, bado kuna deni.

Kisha kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8, kwenye tambarare, siku moja ya kukimbia na mbili za kupumzika. Asubuhi zikiwa tulivu mara mbili mfululizo, nenda dakika 2 kwa 2, halafu 3 kwa 1, mpaka dakika 20 hadi 30 bila kusimama. Hapo ndipo uongeze umbali, baada yake kasi, mwisho vilima. Ongeza kimoja kwa wakati mmoja. Ukiongeza viwili na kano ikakasirika, hutajua umlaumu nani. Mazoezi ya uzito yaendelee mara 2 kwa wiki muda wote huu.

Nimefanya wiki tatu na sioni tofauti.

Wiki tatu ni chache. Hesabu wiki 12 kabla ya kuamua, na jipe miezi 3 hadi 6 ya kurudi kwenye michezo. Wengine hufika mwaka. Ila zikipita wiki 6 na namba za daftari hazijasogea hata kidogo, kagua haya: uzito haujaongezeka tangu siku ya kwanza, unashuka upesi, unafanya kwa miguu miwili huku mguu mzima ukibeba kazi yote, unashusha kisigino chini ya usawa ilhali maumivu ni ya kwenye mfupa, au siku za mapumziko unacheza mpira. Yote yakiwa sawa, mwone mtaalamu wa fiziotherapia akutazame ukifanya, na uulizie vipimo vya sukari na kolesteroli.

Mwanangu wa miaka 11 anaumwa kisigino baada ya michezo. Ni hii?

Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 14, mara nyingi kinachouma ni sehemu ya mfupa wa kisigino inayoendelea kukua, pale kano inapovuta. Bana kisigino pande zote mbili. Akishtuka kwa maumivu, ndipo penyewe. Usimpe programu ya uzito iliyo hapo juu. Mpunguzie michezo ya kukimbia na kuruka, muwekee kipande cha kuinua kisigino, na asicheze pekupeku kwenye sakafu ngumu. Huisha mfupa unapomaliza kukua. Akichechemea hata siku asizocheza, au akiumwa usiku, mpeleke kwa daktari.

Maumivu yameisha lakini kinundu kipo. Bado ni mgonjwa?

La. Kano inaweza kubaki nene kwa miaka, au daima, na ikafanya kazi yake yote. Kinundu kikianza kuuma upya kwa kubonyezwa, au asubuhi zikianza kuwa ngumu tena, rudi kwenye uzito wa wiki ya 4 kabla hujapunguza mbio.